Mwani wa Douwe

Dokkum, 2 Juni 1996

Aukje mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Mogens, na kwa yule paka wenu mwenye jicho moja. Huku tu wazima, ukiacha yale unayoyajua tayari. Kaka yetu Sipke amepata ndama mapacha, sasa anatembea kifua mbele utadhani kawazaa yeye. Mvua ilinyesha Pentekoste nzima. Na yule msichana wa mazoezi ya viungo hatujamwona tena. Douwe alimwambia asirudi, ati anamchosha bure, mguu uliokufa haufufuliwi kwa kuvutwavutwa.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Simu iko pale pale kando ya kiti cha Douwe, na tangu kiharusi kimpate wakati wa baridi hana kazi nyingine ila kusikiliza. Bora barua. Barua huingia kwa tundu la mlango, na wa kuinama kuziokota ni mimi tu humu ndani.

Haya, jambo lenyewe: nakuja! Mwezi wa saba, wiki mbili, kama ulivyoniomba. Nimemwambia leo tulipotoka kanisani. Wiebren wa chama cha wafuga samaki atakuja kuangalia tangi, na Sipke atalala hapa kumsaidia kuamka na kuvaa. Douwe akageukia tangi. Halafu akasema, "Wiebren hawezi kulisimamia tangi likiwa na shida." Nikamwambia hilo ni haki. Tangi likiwa safi, naenda.

Na tangi ni safi! Hujaliona tangu alipovunja kabati la mama ili lipate nafasi. Limejaza upande mzima wa sebule, maji ya chumvi kama ya bahari ya nchi za joto kabisa, matumbawe ya zambarau na ya waridi, na yule samaki wa njano mwenye tumbo tunayemwita Meya kwa sababu huzunguka siku nzima akikagua kazi za wengine. Mtu aliyetumia maisha yake yote kwenye kituo cha pampu akiyatoa maji mashambani mwa watu, amestaafu akayaleta sebuleni kwangu. Mkono wake wa kulia umelala tu mapajani, kwa hiyo mikono ni yangu. Yeye yuko kwenye kiti: "Kushoto. Kushoto zaidi. Si hapo, mwanamke, hapo!" Nami nimezama hadi kwapani.

Wiki mbili, Aukje. Nitalala hadi nione aibu.

Dada yako,
Hiske

*

Dokkum, 7 Julai 1996

Aukje mpendwa,

Salamu kwenu. Sipke mzima, ndama wazima. Stroberi za bustani zimeliwa na ndege.

Siji. Usikasirike kabla hujasoma hadi mwisho. Tangi limeota mwani. Ulianza nyuma ya jiwe moja, vijinyuzi vya kijani, laini kama nywele za mtoto mchanga, hata nikasema mbona ni vizuri. Wiki iliyofuata ulikuwa umeshafika kwenye matumbawe. Ukiota juu yake unayaziba, hayapati mwanga, yanakufa. Douwe hali vizuri. Anakaa akitazama tu. Siwezi kumwachia Wiebren balaa hili, na nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu: likiwa safi.

Nikiumaliza, nakuja Agosti.

Hiske

*

Rømø, 20 Julai 1996

Dada Hiske,

Hujambo? Mimi sijambo kwa kujikaza. Nyumba ya wageni imejaa Wajerumani, kila mmoja anataka yai lake lichemshwe kwa namna yake. Mogens anakusalimu, anasema chumba cha juu alikipaka rangi kwa ajili yako, na sasa amelala humo mwalimu mstaafu wa Kiel anayekoroma.

Mimi nimeachwa na wanaume wawili ujanani, unawajua. Hii ni mara ya kwanza naachwa kwa ajili ya mwani.

Nimemuuliza mgeni mmoja mwenye kujua mambo ya samaki. Akaniuliza tangi liko wapi. Nikamwambia sebuleni, mbele ya dirisha kubwa la barabarani. Akacheka. Akasema mwani unapenda jua kama kuku anavyopenda mtama. Sasa wewe, mwanamke mzima, funga mapazia! Mchana kutwa, mwezi mmoja, mwani ufe njaa. Nani anayehitaji cheo cha profesa kwa hilo?

Aukje

*

Dokkum, 25 Agosti 1996

Aukje mdogo wangu,

Natumaini wageni wamepungua na mgongo wako umepona. Sisi tuko vile vile. Mama Reinou wa ng'ambo ya barabara ameteguka goti, siku nzima yuko dirishani kwake na mguu juu ya kigoda, nasi tunapungiana mikono kama watu wa melini.

Funga mapazia! Umesahau ulikozaliwa? Hebu jaribu kukumbuka ni lini uliona pazia limefungwa mchana kwenye mtaa huu. Nitakukumbusha mimi. Siku aliyokufa mama. Tulifunga, na birika halijachemka Reinou alishafika mlangoni na keki, nyuma yake jirani Tjitske, nyuma ya Tjitske mchungaji na kofia mkononi. Nikifunga leo watakuja kumzika Douwe yungali anakunywa kahawa. Nilimgusia hata hivyo. Alibadilika rangi. "Humu ndani hatuna cha kuficha," akasema. Basi dirisha wazi, kila anayepita anasimama kuangalia samaki, na akishaangalia samaki ananiangalia mimi na mswaki wangu.

Ndiyo, mswaki. Ndiyo dawa yake. Natoa jiwe, naliweka kwenye ndoo, nasugua mwani kwa mswaki, nalirudisha. Nikifika jiwe la mwisho la kwanza limeshaota tena. Nimeleta konokono wa kuula, wamekula wakashiba, mwani haujapungua. Nimebadilisha taa. Nimepunguza saa za taa. Maji ya kuongeza nayachuja jikoni kwa ule mtambo wake hadi tone halina kitu. Ngozi ya mikono yangu imepasuka kwa chumvi, kisu cha viazi nakishika kwa kitambaa.

Wiebren alikuja akapima maji. Alikiinua kile kichupa cha kipimo kwenye mwanga akakunja uso. Akasema maji yamejaa fosfeti, ndiyo mbolea ya mwani, na fosfeti haitoki mbinguni, inatoka kwenye chakula. "Shemeji, unawalisha kiasi gani?" Nikamwonyesha: finyo moja, asubuhi. Akasema haiwezekani. Nikamwambia basi mkono wangu ni mzito, maana hata kopo la chakula linaisha kabla sijajua, nanunua jingine. Akamgeukia Douwe amuulize. Douwe akamfokea kwamba miaka yote hiyo amefuga matumbawe na hajawahi kufundishwa na muuza baiskeli. Maskini Wiebren, kaondoka bila kumaliza kahawa. Hajarudi.

Kwa hiyo kosa ni langu, ila sijui liko wapi. Sasa nafinya kidogo mno hadi Meya amekonda.

Hiske

*

Rømø, 27 Oktoba 1996

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Usiniulize. Nilikuwa na mambo.

Upepo umeezua banda la baiskeli. Paka mzima. Wageni wameisha, nyumba ina mwangwi.

Sasa sikiliza vizuri, na usinijibu habari za konokono. Siwezi kuiendesha nyumba hii peke yangu msimu ujao. Nataka mtu kuanzia Aprili hadi Septemba, wa kupika nami, kutandika nami, na kugombana nami jioni. Nakutaka wewe. Si wiki mbili za mapumziko, kazi ya kweli, mshahara wako mkononi, chumba cha juu ni chako, dirisha linatazama maji. Douwe anaweza kupata mtu wa kumhudumia, halmashauri yenu ina wauguzi wa nyumbani, nimepiga simu nimeuliza. Nisipopata jibu lako mwisho wa Januari, kuna msichana wa Tønder anayesubiri nafasi hiyo.

Swali moja nimelibeba tangu Agosti. Lile kopo la chakula unaliweka wapi? Na Douwe, kweli hasimami kabisa?

Aukje

*

Dokkum, 1 Desemba 1996

Aukje mpendwa,

Asante kwa barua. Tunapika vidakuzi vya Mtakatifu Nikolasi, nyumba nzima inanukia mdalasini. Sipke amechinja. Mama Reinou goti bado, lakini ulimi mzima kabisa.

Mbona Mogens hanisalimu? Barua nzima hakuna neno lake. Umgombeze kwa niaba yangu.

Matumbawe ya zambarau yamekufa yote. Yanakuwa meupe kwanza, kisha mwani unayafunika, kisha hujui kama paliwahi kuwa na kitu hapo. Nilipolitoa la mwisho, lile alilolikuza kutoka kipande kidogo kama ukucha, Douwe aligeuza uso. Nikaliweka kwenye ndoo nikalia, Aukje. Mimi! Nalilia jiwe. Nilidhani nalilia jiwe, hadi nikajikuta nimesimama jikoni na ndoo mkononi nasema kwa sauti, "Sitoki humu. Sitoki humu mpaka nife." Douwe akauliza kutoka sebuleni nasema na nani. Nikasema na redio.

Unanialika Aprili utadhani mimi ni mtu wa kufunga tu mlango na kuondoka. Kila asubuhi nashuka ngazi nikiomba niukute umepungua. Unafahamu kinachoniuma? Nikiwa dukani kwa mwokaji, pale kwenye foleni, najisikia mwepesi. Naombea foleni iwe ndefu. Kisha narudi, namkuta Douwe kitini, ananiangalia toka mlangoni hadi nivue koti, na kila nikirudi ananiuliza swali lile lile: "Aukje anaandika nini?" Nasema, mvua.

Kopo liko juu ya kifuniko cha tangi, mahali pake pa siku zote. Mtu aliyekaa kitini hapafikii.

Hilo swali lako la pili sikulipenda.

Hiske

*

Rømø, 12 Desemba 1996

Dada Hiske,

Nawatakia Krismasi njema wewe na Sipke na watoto wake.

Mogens hakusalimu kwa sababu hayupo. Alihamia Aarhus mwezi wa tisa, kwa mwanamke mwenye duka la sufu. Sikukuandikia kwa kuwa uliwahi kunionya juu yake na sikutaka uwe sahihi. Nimeshakwambia, sasa tusiongee tena.

Kwa hiyo unaona, sikualiki kwa huruma. Nakuhitaji. Ni tofauti.

Swali hukulipenda, lakini hukulijibu vile vile.

Aukje

*

Dokkum, 19 Januari 1997

Aukje, mdogo wangu,

Pole. Pole sana, na sitasema zaidi kwa kuwa umenikataza. Duka la sufu! Basi.

Umesikia kwenye redio kwamba mbio za kuteleza barafuni za miji kumi na mmoja zilipita mwaka huu? Barafu ilishika, baada ya miaka kumi na moja! Dokkum ndiko wanakogeukia, unakumbuka baba alivyokuwa akituweka mabegani. Mji mzima ulikuwa mferejini, tarumbeta, supu ya njegere, watu wasiosalimiana tangu ubatizo wa nani sijui walikuwa wamekumbatiana. Douwe akaniambia, "Nenda. Nenda ukaangalie, mimi nitatazama kwenye televisheni." Nilimbusu kwenye kipara kwa furaha. Nikaenda. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka.

Mama Reinou hakwenda, goti. Kesho yake nikampelekea supu iliyobaki. Akaniambia, akiwa na furaha yake yote, "Hiske, hongera! Nimefurahi mno kumwona Douwe anatembea." Nikasema, anatembea wapi? Akasema, "Si hapo kwenye tangi. Siku zote ukienda kwa mwokaji husimama akawalisha samaki wake. Nikamwambia binti yangu, tazama, mapenzi hayo, mguu mbovu lakini samaki hawalali njaa." Nikamuuliza tangu lini. Akafikiri. "Tangu watu walipokuwa wanakula stroberi."

Nilicheka, Aukje. Nikasema ndiyo, anajitahidi. Nikarudi nyumbani nikamenya viazi. Nilitaka kuona kwa macho yangu, maana Reinou miwani yake ni ya kabla ya vita.

Basi Jumatano nikavaa koti, nikachukua kikapu, nikasema naenda kwa mwokaji. Nikazunguka kwa nyuma nikaingia kwa Reinou kupitia jikoni, nikasimama nyuma ya maua yake ya dirishani. Nikaitazama nyumba yangu kama mpita njia. Sebule yote peupe, taa za tangi zinawaka, na mume wangu kitini. Alitazama mlango. Alitazama barabara pande zote mbili. Kisha akasimama. Hakusimama vizuri, aliyumba, alishika ukingo wa meza, lakini alisimama, akapiga hatua hadi kwenye tangi, akanyoosha mkono wa kushoto juu, akashusha kopo. Na hakufinya. Alimimina. Alimimina kama mtu anayemwagia kuku pumba. Kisha akalirudisha mahali pake, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akakaa hivyo. Reinou akasema, "Unaona anavyowapenda." Alikuwa akilia, Aukje. Mabega yalikuwa yanatikisika. Anayaua matumbawe yake kwa mkono wake mwenyewe na anayalilia, na hapo ndipo hasira iliponipanda hasa, kwa sababu siku zote hizo alinitazama nikisugua. Alinitazama na mswaki! Aliniona mikono inatoka damu akasema, "Hapo bado, Hiske, kona ile."

Nikanunua mkate nikarudi. Alikuwa kitini, mguu juu ya mto. Akauliza foleni ilikuwaje. Nikasema ndefu.

Sijamwambia chochote hadi leo. Kila nikifungua mdomo naona nitapiga kitu. Na kuna jambo jingine, la aibu: namwonea huruma. Nikiwa na huruma nabaki. Najijua. Sasa nisaidie. Niambie nifanye nini, lakini usiniambie leo nikiwa na hasira, niambie kwa barua.

Hiske

*

Rømø, 26 Januari 1997

Dada,

Sina salamu za kutuma, paka amelala.

Mwonee huruma kadiri utakavyo. Huruma inasafiri, haihitaji tiketi, ije nawe. Lakini toka humo ndani. Msichana wa Tønder nimemwambia asubiri wiki moja zaidi.

Kuhusu mwani, dawa nilikupa mwezi wa saba.

Aukje

*

Kituo cha treni, Leeuwarden, 4 Februari 1997

Aukje mdogo wangu,

Salamu. Barua hii naiandikia gotini, treni ya Groningen inachelewa kwa sababu ya ukungu. Pengine nitafika kabla yake, basi tutaisoma pamoja na unicheke mbele ya uso wangu.

Jana nilimpigia Wiebren simu kutoka nyumbani kwa Reinou. Nikamuuliza mwani unakufaje. Akasema giza: zima taa, ziba dirisha, usilishe chochote siku kadhaa, pampu ziendelee. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema, "Shemeji, kwenye mtaa wenu? Nani angethubutu?" Pia niliwapigia wauguzi wa nyumbani. Wataanza kesho. Sipke anakuja jioni ya leo.

Asubuhi nilimpa Douwe kahawa na uji. Nikavaa koti. Nikaleta begi langu nikaliweka chini mlangoni, aone. Kisha nikazima taa za tangi, nikaenda dirishani, nikavuta pazia la kushoto, nikavuta la kulia. Aukje, yamekaa pembeni miaka mingi hata yamepauka mikunjo, vumbi liliniingia puani. Sebule ikawa giza. Sikumbuki mara ya mwisho mimi kuwa ndani ya nyumba ile bila mtu kuniona.

"Fungua!" akasema. "Umerukwa na akili? Watu watadhani nimekufa."

"Wacha wadhani. Ni dawa ya mwani. Wiebren kasema giza na njaa."

"Hiske, fungua."

Nikakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani. Tukakaa hivyo. Meya alikuwa akizunguka gizani haelewi kitu. Na hata kahawa yake haijapoa, kengele ikalia.

"Nenda ukafungue," nikamwambia.

"Unajua siwezi."

"Reinou ana dirisha, Douwe."

Hakuuliza nina maana gani. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa bado natumaini Reinou na mimi tumeona vibaya. Alifunga macho. Kengele ikalia tena, na nje nikasikia sauti ya Tjitske, ile sauti yake ya misiba, anamwambia mtu, "Maskini, na juzi tu walikuwa na mwanga."

"Ungeenda," akasema, macho bado yamefungwa. "Ungeenda kwa Aukje ukaona wenzio wanavyoishi."

"Ningeenda. Na baada ya wiki mbili ningerudi, Douwe. Mwezi wa saba mimi ningerudi."

"Na sasa?"

Kengele mara ya tatu. Nikalitazama begi mlangoni. Akashika mkono wa kiti, akasimama. Akapita mbele yangu, anaburura mguu, mkono mmoja ukutani, hadi mlangoni. Akafungua.

Natamani ungekuwepo! Tjitske yuko kwenye ngazi na gauni jeusi, amebeba keki ya ndizi kubwa, nyuma yake mumewe na kofia kifuani, nyuma yao wale wa nambari kumi na nne na maua. Tjitske alifungua mdomo kutoa pole, akamwona marehemu mwenyewe na soksi. Alipiga ukelele uliosikika hadi mferejini. Akapoteza nguvu za mikono, ile keki ikaanza kuanguka.

Na Douwe akaidaka.

Kwa mikono miwili, Aukje. Wa kushoto na wa kulia. Ule mkono wa kulia ambao nimeukatia nyama, nimeuvalisha, nimeuogesha, nikauweka juu ya mto usiku mmoja hadi mwingine, uliruka wenyewe ukashika keki ya msiba wake barabara, hata chembe haikudondoka. Sote tukautazama. Yeye naye aliutazama.

Nikachukua begi. Nikawaambia, "Karibuni ndani, hakuna aliyekufa, ni dawa ya mwani tu." Nikamwambia Douwe maji yaliyochujwa yako jikoni kwenye ndoo ya bluu, aongeze kila asubuhi, na kopo la chakula nimelitupa. "Mikono unayo," nikasema. Basi la Leeuwarden lilikuwa linakuja kwenye kona. Reinou alinipungia dirishani kwake, kisha nafikiri akaliona begi, mkono wake ukabaki juu.

Sijui kama nitarudi Septemba. Usiniulize nikifika, niulize baadaye, wageni wakishaondoka. Ndani ya basi nililia hadi Damwoude, halafu nikala mkate wangu wote.

Wanatangaza treni. Najua utataka kuniwekea maua kule juu. Usiweke maua. Niwekee kopo la mafuta ya mgando, lile kubwa. Kalamu hii naishika kwa kitambaa.

Dada yako,
Hiske